Pima Maji Iliyomo Sikioni

Mnyama hana ulimi wa kushitakia maradhi yake. Akiumwa na tumbo hulala, akiumia mguu huchechemea, na mwenye kumfuga hufahamu pa kushika. Lakini yapo maradhi ambayo dalili zake humtisha mfugaji badala ya kumfahamisha. Mbuzi aliyekuwa mzima jana, leo kichwa chake kimelala upande mmoja kama mwenye kusikiliza neno linalotoka ardhini. Anazunguka mahali pamoja, anaanguka, anasimama, kisha anaanguka tena. Maradhi ya namna hii ndiyo tunayokusudia kuyazungumza leo, kwa sababu yanawapotezea wananchi mali yao, na kwa sababu sehemu kubwa ya hasara hiyo yaweza kuepukwa.

Katika ziara moja ya Chama tuliyoifanya shamba, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja, tulimkuta mbuzi wa namna hiyo chini ya mwembe. Kamba aliyofungiwa ilikuwa imejizongazonga kwenye shina la mti hata ikakaribia kumkaba. Pembeni yake ameketi bibi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni, ila mmenikuta katika mtihani. Mbuzi huyu ana mimba, na ndiye sare na madaftari ya mjukuu wangu. Tangu juzi hali yake ndiyo hii. Huyu anasema kapatwa na shetani, yule anasema ni kijicho. Mwenye bucha naye keshatuma mtu. Ananipa bei ya ngozi."

Tulimtazama mbuzi yule. Sikio lake la kushoto limelegea, na macho yake yalikuwa yakicheza upande kwa upande bila ya kutulia. Hata hivyo, bibi alipomkaribishia jani la mfenesi mdomoni, alilitafuna vizuri. Tulimwomba asimwuze kwanza, akapelekwa mtu kwenda kumtafuta bwana mifugo. Yaliyotokea baadaye tutayaeleza mwishoni. Kwanza yafaa tufahamu ni kitu gani kilichokuwa kimeharibika ndani ya kichwa cha mnyama yule.

Fundi mwashi anayesimamisha ukuta hayaamini macho yake peke yake. Huweka pima maji juu ya tofali, akalitazama povu dogo lililomo ndani ya kichupa chenye maji. Povu likitulia katikati, hujua kuwa kazi yake imelala sawa. Likikimbilia upande, huuvunja mstari na kuupanga upya. Basi kila mnyama mwenye uti wa mgongo, tangu samaki mpaka ng'ombe, na binadamu akiwemo, ameumbiwa pima maji mbili, moja katika kila sikio. Maji yaliyomo humo ni matone machache tu. Lakini kwa matone hayo mnyama husikia, na kwa matone hayohayo husimama.

Sikio tunalolishika kwa mkono ni mlango tu. Ndani ya mlango huo upo ujia unaoishia kwenye kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo cha hewa chenye vifupa vitatu vilivyoshikana. Baada ya chumba hicho, ndani ya mfupa ulio miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote ya mwili, ndipo lilipo sikio la ndani. Hilo ni kama nyumba yenye vyumba na njia za kupindapinda, nayo imejaa maji. Upande wa mbele kuna mrija uliojiviringa kama konokono, na hapo ndipo penye kazi ya kusikia. Upande wa nyuma kuna mifereji mitatu ya nusu duara na vifuko viwili, na hapo ndipo penye kazi ya mizani ya mwili.

Maji ya humo ni ya namna mbili, na hayatakiwi kuchanganyika. Ya nje, ambayo wataalamu huyaita perilimfu, yanafanana na maji mengine ya mwili, yaani yana chumvi ya sodiamu kwa wingi. Ya ndani, yaitwayo endolimfu, ni kinyume chake: yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Utando mwembamba ndio unaoyatenga. Tena endolimfu ya ndani ya konokono ina nguvu ya umeme ipatayo milivolti 80, takriban sehemu moja ya ishirini ya betri moja ya tochi. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi zake juu ya sikio, aliipima nguvu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika masikio ya simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayefanana na panya. Sauti ikipiga kiwambo, vifupa huyasukuma maji, mawimbi hupita ndani ya konokono, na seli zenye vinyweleo vidogo mno huinama. Hapo potasiamu huingia ndani ya seli hizo, na habari hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Umeme huo ukipungua, mawimbi yatapita lakini habari haitafika.

Maji hayo hayakai bure kama maji ya mtungi. Ni mfano wa birika la msikiti, ambalo lina mfereji wa kuingizia maji na tundu la kuyatolea. Ukuta wa pembeni mwa konokono, wenye mishipa mingi ya damu, ndio unaoitunza endolimfu na kuipa umeme wake. Upande mwingine kuna kifuko maalumu kinachoyanyonya maji yaliyozidi. Tundu likiziba, birika hufurika. Mfereji ukikatika, birika hukauka. Uchafu ukiingia, maji yote huharibika. Ukikumbuka mambo hayo matatu, umekwisha kufahamu sehemu kubwa ya maradhi ya sikio la ndani.

Kuhusu mizani ya mwili, watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa sana. Mtoto anayejizungusha uwanjani kisha akasimama ghafla, huiona dunia ikiendelea kuzunguka. Sababu ni kwamba mwili umesimama, lakini maji ya mifereji mitatu bado yanakwenda. Msafiri wa Pemba anayeshikwa na kigegezi katika mkondo wa Nungwi naye huvurugwa na habari zinazopingana: macho yaliyotulia ndani ya chombo yasema hivi, na maji ya sikioni yasema vingine. Na wavuvi wetu wanavijua tangu zamani vijiwe vyeupe vinavyopatikana ndani ya kichwa cha samaki. Vijiwe hivyo ni vya sikioni. Vimekaa ndani ya maji, juu ya vinyweleo, na kwa uzito wake samaki hujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mbuzi na ng'ombe nao wanavyo, ila vyao ni kama unga wa chokaa.

Elimu hii haikupatikana kwa kukisia, na aghalabu waliotufundisha ni wanyama wenyewe. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Pierre Flourens aliikata mifereji ya masikio ya njiwa. Njiwa wale waliendelea kusikia, lakini walizunguka na kupinduka kwa kufuata mfereji uliokatwa. Mwaka 1861, tabibu Prosper Ménière wa Paris aliyatumia mafunzo ya njiwa wale kueleza jambo jipya, kwamba watu wanaoshikwa na kizunguzungu pamoja na uziwi na mvumo wa masikio wanaugua sikio la ndani, si ubongo kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1892, Mjerumani Ewald alichapisha matokeo ya kazi yake, ambayo kwayo aliyasukuma maji ya mfereji mmoja wa njiwa kwa chombo cha hewa, na kichwa na macho ya ndege yakageuka kuufuata upande ulioelekea maji. Robert Bárány wa Vienna naye aligundua kuwa maji baridi au ya moto yakitiwa sikioni, humfanya mtu apate kizunguzungu, kwa kuwa joto na baridi huyafanya maji ya ndani yatembee. Yeye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Mwaka 1938, watafiti wa Uingereza na wa Japani, kila upande kwa njia yake, waliyachunguza masikio ya marehemu waliokuwa na maradhi ya Ménière. Walikuta vyumba vya endolimfu vimevimba kwa maji kupita kiasi. Na mwaka 1965, Robert Kimura na Harold Schuknecht walikiziba kile kifuko cha kunyonya maji katika masikio ya simbilisi huko Marekani, na vyumba vile vikavimba vivyo hivyo. Birika lilikuwa limezibwa tundu. Simbilisi wale usikivu wao ulipungua, ingawa hawakuonyesha yale mashambulizi ya ghafla ya kizunguzungu yanayowapata binadamu. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba panya walioondolewa kiini kimoja cha urithi nao huvimba vyumba vya endolimfu, wakazaliwa viziwi, na baadhi yao wakawa wenye kuinamisha kichwa na kuzunguka. Kwa hivyo njiwa, simbilisi na panya wameufungulia ulimwengu mlango wa kulijua sikio la mwanadamu. Ni deni hilo, na sisi twaona kuwa yafaa lilipwe kwa mnyama aliyefungwa chini ya mwembe.

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe kama yanavyowapata wanyama wetu. La kwanza na la kawaida kabisa ni uchafu kuingia katika birika. Vijidudu vya maradhi huanza katika sikio la nje au la kati, aghalabu baada ya utitiri au kupe kuijeruhi njia ya sikio, au baada ya mafua kupanda kutoka kooni. Hapo usaha hujaa nyuma ya kiwambo. Usipotibiwa, sumu yake hupenya hata kwenye maji ya ndani, na huko husikia hupungua na mizani huvurugika kwa pamoja. Ndama, wana-mbuzi, kondoo na sungura ndio wanaoathirika sana. Dalili zake ni sikio kulegea, mnyama kukung'uta kichwa, kichwa kulala upande wa sikio bovu, macho kuchezacheza, na kuzunguka au kuangukia upande huohuo.

La pili ni birika kukauka, na mfano wake tunao mitaani. Paka weupe wenye macho ya buluu wengi wao ni viziwi, jambo ambalo Charles Darwin alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1859. Sababu yake ilijulikana baadaye. Zile seli zinazotia rangi katika ngozi na manyoya zinahitajiwa pia katika ukuta unaoitunza endolimfu. Paka huyu amezikosa seli hizo, basi katika wiki chache baada ya kuzaliwa ukuta ule hudhoofika, umeme wa maji hutoweka, na konokono pamoja na kifuko kilicho jirani naye hukunjamana kama kiriba kilichotoboka. Mifereji mitatu husalimika. Ndiyo maana paka huyo hasikii honi ya gari, lakini hutembea juu ya ukuta bila ya kuanguka. Mbwa weupe wenye madoa wa aina ya Dalmatian nao wana uziwi wa asili hiyohiyo.

La tatu twaweza kulileta sisi wenyewe kwa mikono yetu, nalo ni dawa. Dawa ya streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na kabla ya miaka ya 1940 kwisha matabibu walikwisha kuona kwamba baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu walioitumia walianza kupepesuka. Streptomaisini, jentamaisini na ndugu zao huingia katika maji ya sikio la ndani, hukaa humo muda mrefu kuliko zinavyokaa katika damu, na huziua seli zenye vinyweleo. Dawa hizi ni neema kubwa zikitolewa kwa kipimo. Zikitolewa kwa kukisia, au zikamiminwa katika sikio ambalo kiwambo chake kimetoboka, huponya kidonda na kumwacha mnyama kiziwi au mwenye kuyumba. Nalo ni jambo lisilorudi nyuma. Mwaka 1988 wataalamu walithibitisha kuwa kuku na ndege wengine huziotesha upya seli hizo zikifa. Lakini seli za usikivu za mbuzi, ng'ombe, punda na za mtoto wa binadamu zikifa, hazioti tena.

Hapa pana jambo moja linalotusikitisha. Mizani ikiharibika, kila mtu huona. Usikivu ukipotea, hakuna anayeona. Mnyama kiziwi hutumia macho yake, hufuata wenzake, husikia mtikisiko wa ardhi kwa kwato zake, na mwenyewe humdhania kuwa mzima. Punda aliyepoteza usikivu huambiwa aende asiende, huambiwa asimame asisimame, basi huitwa mkaidi na bakora humshukia. Sisi tuliosoma chuoni tukiwa wadogo tunamkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa akipigwa kila siku kwa kutoitikia somo. Sikio lake lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni, na hakuna mtu mzima aliyeuliza kama anasikia. Yule mtoto hakuwa mkaidi, na huenda punda naye si mkaidi. Kabla ya kuinua bakora, mtu asimame nyuma ya mnyama pasipoonekana, apige makofi, kisha atazame kama masikio yatageuka. Jaribio hilo halina gharama.

Pana jambo jingine la kuwapa wafugaji matumaini. Pima maji ya upande mmoja ikiharibika ghafla, siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya hapo ubongo huanza kujifunza upya, ukitegemea macho, miguu na sikio lililobakia zima. Mnyama asiyeweza kusimama leo, aweza kutembea baada ya wiki moja au mbili, japokuwa kichwa kitabaki kimeinama na gizani atajikwaa. Mbwa wazee hupatwa na hali hiyo bila ya sababu kuonekana, na wengi hupata nafuu katika muda huo. Kwa hiyo anayemchinja mnyama siku ya pili, aghalabu humchinja katika ile siku ambayo hali yake ingeanza kugeuka.

Hata hivyo, si kila anayezunguka anaumwa na sikio, na hili latupasa tulikazie. Kondoo na mbuzi hupatwa na malenge ya minyoo ndani ya ubongo, ambayo mayai yake hutokana na kinyesi cha mbwa. Wafugaji wa Kimasai wa Tanzania Bara huyaita maradhi hayo ormilo. Yapo pia maradhi ya vijidudu vinavyoshambulia ubongo, na mojawapo humpata hata binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa. Na kipo kichaa cha mbwa, ambacho huweza kumpata mnyama yeyote wa kufugwa na kumfanya apepesuke. Tofauti iliyo rahisi kuitazama ni hii: mgonjwa wa sikio huinamisha kichwa, lakini akili yake i macho, huita, na hula akiwekewa chakula mdomoni. Mgonjwa wa ubongo hupumbaa, huacha kula, huenda akapofuka, au hubadilika tabia. Kwa mnyama wa namna hii ya pili, pasiwe na mtu wa kutia mkono mdomoni mwake, na nyama yake isiliwe mpaka mtaalamu aseme.

Kwa hivyo tunatoa nasaha zifuatazo kwa wafugaji. Mnyama mwenye kuyumba afunguliwe kamba ya shingoni, kwa kuwa atajizonga na kujinyonga. Awekwe katika banda lenye majani makavu, mbali na kisima na shimo. Chakula na maji viwekwe karibu na kichwa chake. Asipelekwe baharini kuogeshwa, kwa sababu mnyama asiye na mizani akizama chini ya maji hajui juu ni wapi. Asimiminiwe kitu sikioni: si mafuta ya taa, si maji ya chumvi, wala mafuta ya nazi, kwani hatujui kama kiwambo ki kizima, na hata maji safi yakiwa baridi yatamzidishia kizunguzungu. Asipigwe sindano na asiyekuwa mtaalamu. Na bwana mifugo aitwe siku ileile, si baada ya dawa za mtaani kushindwa.

Lakini hatuwezi kumhimiza mwananchi aite, ikiwa mwitwaji hawezi kufika. Hapo maneno yetu yanawaelekea viongozi na watendaji wa Serikali. Bwana mifugo mmoja mwenye shehia nyingi na pikipiki mbovu hawezi kulaumiwa kwa kuchelewa. Duka linalouza dawa za kuua vijidudu kama linavyouza sabuni, bila ya kuuliza uzito wa mnyama wala maradhi yake, linaharibu masikio ya mifugo na kuzidhoofisha dawa zenyewe. Mambo haya yamo katika uwezo wetu. Visiwa hivi vimekwisha kutoa mfano mkubwa kuliko huu. Mwaka 1997 kisiwa cha Unguja kilitangazwa kuwa kimekombolewa na mbung'o, baada ya madume waliohasishwa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga, kumwagwa kutoka angani kwa miaka kadhaa. Kazi ile ilitaka ndege, wataalamu wa kimataifa na subira ya wananchi. Hii ya leo inataka tochi, kifaa cha kutazamia sikio, chombo cha usafiri kilicho kizima, na mafuta ya kukiendeshea.

Turejee kwenye mwembe. Bwana mifugo alifika siku ya nne. Alimulika sikio la mbuzi, akakuta kiwambo kimetoboka na usaha umejaa. Alisafisha, akampiga sindano kwa siku kadhaa, akamkataza bibi kutia kitu chochote sikioni. Alituambia kuwa maisha ya mbuzi yataokoka, ila sikio lile limekwenda, na kwamba angeitwa na kufika siku ya kwanza huenda nalo lingesalimika.

Tulipopita tena kijijini pale, mbuzi alikuwa amezaa watoto wawili. Kichwa chake kimebaki kimelala upande wa kushoto, na bibi amejifunza kumwita kwa upande wa kulia. Alifurahi kutuona, akatushukuru, akatuletea madafu. Kisha, alipokwisha kutuonyesha wale watoto, alituuliza kwa upole:

"Na zile siku nne, wanangu, zilikuwa za nani?"

Swali hilo hatukuwa na jibu lake, na tunaona si haki kulificha. Tunalifikisha kwa wenye dhamana.